Tupeane uzoefu: Ukerewe (Uingereza) ilikunyoosha lini?

Mzee wa Zamu
Wakuu, habari za baridi. Nimechokozwa na shemeji yangu aliyeko Mbeya. Kaona taarifa ya Waingereza wakipanga foleni ya chakula cha msaada, kanitumia sauti ndefu anacheka: mtu ana maji ya moto bombani, hospitali halipii, halafu analia njaa, huo si uzembe? Nimeanza kumjibu nikakwama. Nusu ya maneno yake huwa nayasema mwenyewe nikipita nje ya baa Jumanne mchana.

Lakini shida yenyewe naijua kwa mwili. Mwaka 2022 tulianza na mafuta ya alizeti, vita ya Ukraine imewaka, madukani wanakupimia chupa mbili tatu kwa mtu. Kufika Oktoba mfumuko wa bei ukawa asilimia 11.1, haukuwahi kufika hapo kwa miaka 41. Unafika kaunta unaanza kurudisha vitu kimoja kimoja huku foleni inakutazama.

Kwa hiyo mlioko huku na mliorudi: lini mambo yalikunyoosha, na ulichomokaje? Mlioko nyumbani mnakaribishwa kucheka, ila kwa zamu.

Bint Mwera
Mie yangu luku, mita ya kulipia kabla. Naam, Uingereza kuna luku, tena mbili: umeme una ufunguo wake, gesi ina kadi yake, unakwenda kujaza duka la mtaani. Tulihamia nyumba ya kupanga Leicester, kumbe mita ina deni la waliotangulia na hatukuambiwa. Ukitia pauni kumi, fungu linakatwa la deni, fungu la ile ada ya kila siku ambayo hata ukikaa kiza inahesabu, unabakiwa na vichenji vya kupikia. Mume wangu akidhani naacha hita wazi usiku. Tuligombana wallahi, mpaka mama mkwe akapigiwa simu Unguja aamue, naye hita hajapata kuiona.

Na mtoto ana pumu. Ukuta wa chumba chake umeota ukungu mweusi, napangusa kwa dawa, nikigeuka umerudi. Mwenye nyumba akaja, akatazama, akanambia tatizo ni namna tunavyoishi: tunapika sana, tunaanika nguo ndani, tufungue madirisha. Januari! Nikifungua dirisha luku inakimbia, nikifunga ukungu unapanda. Mtoto nikawa namlaza kochini sebuleni, mie chini.

Alotutoa ni jirani, mama wa Kigujarati, wazee wake walifukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972. Akanambia deni la mtu usilipe: wapigie kampuni ya umeme, wapelekee mkataba wa kupanga wenye tarehe ulohamia. Wakalifuta. Ukungu ndo upo mpaka kesho.

Kijana wa Temeke
Ile ada ya kila siku! Usinitoneshe kidonda.

Msukuma wa Reading
Nitawaudhi, lakini acha niseme. Niko huku tangu 2004. Tulilala wanne chumba kimoja, usiku tunabeba boksi, mchana shule, hakuna aliyelia. Siku hizi mtu ana gari la mkopo, simu ya mkataba, kila wikendi yuko sherehe Birmingham na sare mpya, Kigamboni msingi umeshasimama. Luku ikikata anasema mfumo. Mfumo gani ulikutuma ushone sare?

Nyambura
Wewe Msukuma, 2004 chumba Reading kilikuwa pesa ngapi? Jibu hilo kwanza ndio tuongee nidhamu. Unafanana na yule mbunge wa Ashfield, Lee Anderson, aliyesimama bungeni Mei 2022 akasema watu wanakimbilia benki za chakula kwa sababu hawajui kupika wala kupanga bajeti, ati mlo unapikika kwa peni 30. Sawa, tupike. Na moto wa kupikia ni peni ngapi? Oktoba 2021 kikomo cha bili ya umeme na gesi kwa nyumba ya kawaida kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka. Mwaka mmoja baadaye ni 2,500, na hiyo ni baada ya serikali kutia mkono. Sare gani hiyo?

Msukuma wa Reading
Zidisha sare kwa sherehe za mwaka mzima, ongeza mchango na mafuta ya gari, halafu urudi hapa.

Mzee wa Zamu
Hapo kwenye michango niko naye. Nilitoka makundi yote nikabakiza la misiba. Kuna binamu hanisalimii hadi leo.

Kijana wa Temeke
Mimi niliwaambia nimefungwa. Wakanichangisha hela ya wakili, na mimi mwenyewe nikawekwa kwenye orodha ya ahadi.

Shangazi wa Barking
Nyie mnacheka. Wangu wa tatu kazaliwa mwisho wa Aprili 2017, wiki chache tu baada ya kuanza ile sheria ya watoto wawili, ya msaada wa serikali kuishia kwa mtoto wa pili. Wa jirani kazaliwa Machi, analipiwa. Wangu hapana. Bajeti ya Novemba 2025 ndiyo ikasema inafutwa kuanzia Aprili 2026, mtoto anaingia miaka tisa. Na usiniambie ningepanga uzazi, Msukuma, nakuona unaandika.

Mtu wa Uvira
Nawasoma mnabishana juu ya uzembe, nimemkumbuka papa (mzee) mmoja. Kiswahili changu ni cha Kivu, mnivumilie.

Nafanya kea, kuhudumia wazee majumbani, Salford. Unaendesha gari lako nyumba kwa nyumba, unalipwa dakika ulizokaa ndani tu, barabara ni juu yako. Huyu papa ni Mwingereza kabisa, miaka themanini na kitu, alipakua meli bandari ya hapa mpaka ilipofungwa 1982. Mke kafariki, mtoto yuko Australia. Mimi nimepewa robo saa ya asubuhi: kumwosha, kumvisha, chai na dawa.

Baridi ya 2024 serikali iliikata ile pesa ya wazee ya kupasha nyumba, pauni 300 kwa umri wake, ikabaki kwa wanaopokea Pension Credit, nyongeza ya wazee wa kipato kidogo, na misaada ya aina hiyo. Kwa barua nilizoziona, yeye alistahili Pension Credit. Hakuwahi kuomba. Nikamwambia tujaze fomu, akakasirika: hiyo ni ya maskini, mimi nimefanya kazi maisha yangu yote. Anakaa kwenye kiti na koti na kofia, miguu ndani ya mfuko wa kulalia, pumzi yake naiona. Ana daftari anaandika kila peni iliyotoka, tangu alipooa. Mnatafuta mtu wa bajeti? Ndiye huyo.

Niliripoti ofisini. Ikapelekwa kaunsili (halmashauri), akaja mtu na maswali: leo siku gani, waziri mkuu nani. Papa akajibu yote, tena akamtukana huyo waziri mkuu juu yake. Ikaandikwa: ana akili timamu, uamuzi mbaya si ugonjwa. Sheria yao ya 2005, ya uwezo wa mtu kujiamulia, ndivyo inavyosema.

Asubuhi moja nafungua mlango, luku imekata. Papa maneno hayatoki vizuri, anaongea kama mlevi. Napiga ambulensi, wanasema itachelewa, mpe joto. Joto gani? Nikachukua ufunguo wa mita nikakimbia dukani nikatia pauni ishirini zangu. Nikarudi nikawasha hita, nikamfunika na koti langu. Simu ya ofisi inalia, wateja wengine wananingoja, sikupokea.

Akapona. Na kule wodini akawa anawasimulia manesi wote: yule kijana Mwafrika alinilipia umeme. Kwa shukrani tu. Ikafika kwa mwajiri. Kanuni yao: pesa haipiti kati yako na mteja, iingie au itoke. Wakanisimamisha. Visa ya kea mnaijua: mwajiri akikuacha, Home Office (wizara ya mambo ya ndani) wakikuandikia, una siku 60 upate mwingine au mwondoke wote. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Barua ikianguka mlangoni anashika ukuta.

Walinipa onyo la maandishi, nikarudi kazini, lakini si kwa papa. Alipelekwa nyumba ya wazee, na mimi nikakatazwa kwenda.

Bint Mwera
Masikini ya Mungu. Na mkeo?

Mtu wa Uvira
Alijifungua salama. Msichana.

Kijana wa Temeke
Dah. Mimi nilikuja na hadithi ya kukopa mkate, naifuta.

Msukuma wa Reading
Pole sana ndugu. Ila ile kanuni haikuwekwa kwa chuki. Nimefanya kea, nimeona wenzetu wakitembea na kadi ya benki ya bibi kizee. Kampuni itajuaje wewe si yule? Na mzee alikataa haki yake mwenyewe. Serikali imkamate mkono atie saini?

Nyambura
Serikali isingekata, basi. Na wao wenyewe waliona, Juni 2025 wakairudisha kwa wazee wenye kipato kisichozidi pauni 35,000. Msimu mmoja tu wa katikati, na papa akaangukia hapohapo. Wewe unayehubiri kujitegemea siku zote, huyo si ndiye mtu unayemtaka? Hakopi, haombi, anaandika daftari. Karibu afe.

Msukuma wa Reading
Sijasema afe. Usinilishe maneno.

Mzee wa Zamu
Wakuu taratibu. Uvira, hizo dakika za barabarani: muda wa kutoka mteja hadi mteja unahesabika kwenye kima cha chini. Jumlisha saa zote, gawa mshahara, ikishuka chini ya kima hicho (kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa), wanakuibia. Ongea na ACAS, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ushauri ni bure.

Mtu wa Uvira
Nikishawashtaki, visa atanipa nani?

Shangazi wa Barking
Blanketi la umeme. Linakula umeme kidogo kuliko hita, unapasha mtu badala ya kupasha nyumba. Mchele nunua gunia, mgawane wawili watatu. Na jioni kabla duka halijafunga pitia rafu ya stika za njano, vyakula vilivyoshushwa bei.

Kijana wa Temeke
Stika za njano ni mtego. Nilikuwa natoka na keki nne na sina kitunguu.

Mgeni Coventry
Habari zenu. Naomba kuuliza, samahani kama si mahali pake. Tuko kwenye visa inayokataza fedha za umma, mume zamu zimepungua. Naogopa kwenda benki ya chakula, nimesikia inaharibu maombi ya ukaazi wa kudumu.

Msukuma wa Reading
Usiende dada. Home Office wanaona kila kitu.

Nyambura
Uongo mtupu! Benki za chakula ni za hisani, si fedha za umma, haziko kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Visivyoruhusiwa ni kama Universal Credit (msaada wa serikali kwa wa kipato kidogo), posho ya watoto na nyumba za kaunsili. Na ulizia shuleni kuhusu mlo wa bure: Uingereza watoto wa familia zenye visa kama yako wanaweza kupata, kipato kikiwa chini ya kiwango. Msukuma, ukiwa hujui kitu nyamaza, mtu atalala njaa kwa maneno yako.

Msukuma wa Reading
Sawa, hilo nimelisikia vibaya. La sare liko palepale.

Bint Mwera
Dada wa Coventry, nyingi zinataka vocha. Anza kwa mwalimu wa mtoto, au daktari, au Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wao ndo wanakuandikia. Utapewa chakula cha siku tatu hivi. Waambie mapema kama hamli nguruwe, hawaudhiki. Na kama luku imekata sema usione haya, wana vifurushi vya vitu visivyohitaji kupikwa.

Mgeni Coventry
Asanteni. Nibebe nini?

Shangazi wa Barking
Mifuko yenye nguvu, makopo ni mazito. Na kama nyumbani hamna kifungua kopo, waombe hicho pia.