Naomba ushauri: wingu la atomu za rubidi linakimbilia upande mmoja

Wakuu, salaam. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia Ujerumani, na kazi yangu ni kupoza atomu za rubidi-87 kwa leza. Mtego wa kuzishika atomu hizo unafanya kazi: miale sita ya nanomita 780 inakutana katikati ya chemba yenye ombwe, koili mbili zinatoa ugasumaku, na kwenye kamera naliona wingu jeupe la mviringo limetulia. Furaha yake haielezeki.

Tatizo ni pale ninapozima koili ili atomu zipoe zaidi kwa miale peke yake. Badala ya wingu kutanuka taratibu huku likianguka, linavutwa kushoto na kuchanika. Joto napata kama maikrokelvini 300 (sehemu za milioni za kelvini), wakati kikomo cha Doppler, yaani joto la chini kabisa ambalo nadharia ya kawaida ya kupoza kwa leza inaliruhusu, kwa rubidi ni takriban 146, na tangu 1988 kundi la mwanafizikia Mmarekani William Phillips lilionyesha kwa sodiamu kwamba inawezekana kushuka chini ya kikomo hicho.

Nguvu ya miale nimeisawazisha, na masafa ya leza yako chini kidogo ya yale ambayo atomu hufyonza, kama inavyotakiwa. Ninachoshuku ni mabaki ya ugasumaku, wa dunia au wa pampu ya ioni (inayotunza ombwe, nayo ina sumaku) iliyo jirani na chemba. Aliyewahi kufanya kazi hii, je, nifunge kwanza koili za kusawazisha, yaani za kufuta mabaki hayo, pande zote tatu, au nianze na polaraizesheni ya miale (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga)? Na kwa kuwa kipimo cha sumaku hakiingii ndani ya chemba, mnajuaje kwamba uga umefika sifuri?