Maji ya samaki chini ya mabwawa ya Mto Tana

Mkazi wa Kasarani: Ndugu zangu, sehemu ya umeme tunaoutumia hapa Nairobi hutoka katika mabwawa ya Tana, yakiwemo Masinga na Kiambere. Je, kuna maji ambayo lazima yaachwe mtoni kwa ajili ya samaki?

Mhandisi wa Maji: Ndiyo. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa kulinda viumbe wa majini. Hata hivyo, kiasi pekee hakitoshi: mitambo ya umeme ikipunguzwa ghafla, maji yanayoachiwa hupungua, mto hushuka upesi na vifaranga vya samaki hunaswa kwenye vidimbwi vya kando, ambavyo hukauka juani.

Mwanafunzi wa Ikolojia: Naongeza kwamba kambare husubiri mafuriko ili watage mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, mto usiofurika huwanyima mazalio, na hilo hunisikitisha zaidi.