Maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi unyayoni kwa fundi cherehani: aanzie wapi?

MamaPindo
Wakuu, habari zenu. Mgonjwa ni mdogo wangu, miaka 38, fundi wa cherehani ya kukanyaga. Wiki ya tano sasa maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita tako la kulia, nyuma ya paja, shavu la mguu, hadi ukingo wa nje wa unyayo upande wa kidole kidogo. Akikohoa au kupiga chafya ndipo yanapochoma zaidi. Homa hana, haja zote anapata kawaida. Eksirei imeonyesha nafasi kati ya pingili za L5 (ya mwisho ya kiuno) na S1 (inayofuata chini yake) imepungua. Amechomwa diklofenaki siku nne mfululizo, pamoja na sindano za vitamini B, nafuu ikawa ya saa chache tu. Wapo wanaomwambia alale sakafuni mwezi mzima, wengine wanasema akakanyagwe mgongo. Naomba mwongozo, hasa wa mazoezi na namna ya kukaa kwenye cherehani, maana sare za shule zinadaiwa.

FizioWaBara
Pole yake, dada. Njia hiyo ya maumivu, hasa kufika upande wa kidole kidogo, ni ya mzizi wa neva wa S1, yaani pale neva inapotoka kwenye uti wa mgongo. Mara nyingi ni diski (mto laini kati ya pingili) ya L5/S1 imetokeza nyuma ikaugusa.

Kabla ya zoezi lolote mpimeni nguvu. Asimame kwa mguu wa kulia peke yake, aguse ukuta kidogo asiyumbe, apandishe kisigino mara 10. Halafu afanye hivyo kwa mguu wa kushoto mlinganishe. Kisha atembee kwa visigino. Kisigino cha kulia kikigoma kupanda, S1 imedhoofika; akishindwa kuinua kidole gumba au unyayo ukiburuzika, tazameni mzizi wa L5. Andikeni idadi, mrudie kila baada ya siku tatu. Idadi ikishuka aende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Neva inayokufa ganzi huacha kuuma, na watu hudhani wamepona.

Zoezi: alale kifudifudi kwenye mkeka dakika 2 hadi 3. Ajiinue kwa viwiko, dakika 2 hadi 3 tena. Mguu usipozidi kuuma, aweke viganja chini usawa wa mabega, anyooshe mikono kuinua kifua, nyonga zibaki zimelegea mkekani. Ni mara 10, kila baada ya saa 2 au 3 mchana. Anachofuatilia ni mahali maumivu yanapoelekea. Yakitoka unyayoni yakarudi pajani au kiunoni, ni dalili nzuri hata kama kiuno kinauma kuliko mwanzo. Yakishuka chini zaidi au ganzi ikienea, aache palepale. Wengi hufanya kinyume: wanaacha zoezi linalowafaa kwa kuwa kiuno kimeuma, wanashikilia lisilofaa kwa kuwa kiuno kimepoa huku kisigino kikifa ganzi.

Asijinyooshe kwa kuinama kushika vidole vya miguu kipindi hiki, na saa ya kwanza baada ya kuamka asiiname kabisa. Usiku diski hunyonya maji, hivyo asubuhi imejaa na shinikizo lake ni kubwa. Kuamka: ageuke ubavu, ashushe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono.

Mtu wa umri mkubwa anayeumia akitembea na kupata nafuu akiinama asiige zoezi hili. Huyo huenda mfereji wa uti wa mgongo umebana, na kujipinda nyuma kunaubana zaidi.

NesiZamu
Hizo sindano zisimamishwe. Diklofenaki ya kuchoma ni ya siku mbili mwisho, kisha vidonge kama bado inahitajika. Isitoshe, neva inayomsumbua inapita ndani ya tako hilohilo. Sindano ikipigwa chini au katikati, badala ya robo ya juu ya nje, inaweza kuijeruhi neva yenyewe na mguu ukalegea.

Kwa mdomo: ibuprofeni mg 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, siku 5 hadi 7. Asichanganye na diklofenaki. Ni kundi moja, faida haiongezeki ila vidonda vya tumbo na madhara ya figo vinaongezeka. Mwenye presha, ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au mimba asinywe bila kuuliza. Vitamini B husaidia mwenye upungufu. Diski hairudishi ndani.

PimaMara2
Upande wa kazi. Kigoda kifupi ndicho adui: magoti yanapanda, kiuno kinajikunja. Atafute kiti ambacho nyonga zinakaa juu kidogo ya magoti, akisogeze mpaka tumbo likaribie meza, na nyuma ya kiuno aweke kanga iliyoviringishwa unene wa ngumi, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Kusukuma kanyagio kinatumia shavu la mguu, misuli ya S1 haswa. Basi kazi aifanye kwa mguu wa kushoto, wa kulia upumzike juu ya kanyagio bila kusukuma. Akiweza kufunga mota, vizuri zaidi.

Asishone sare nzima kwa mkao mmoja. Ashone mishono dakika 20 hadi 30, ainuke kupiga pasi au kutia vifungo amesimama, arudi. Kukata kitambaa sakafuni aache kabisa. Meza ifike kiunoni, ikiwa fupi aweke matofali chini ya miguu ya meza. Jora asilinyanyue peke yake.

MamaPindo
Asanteni sana. Kisigino cha kulia amepandisha mara 8, cha kushoto 10. Vipi kuhusu sakafu, kukanyagwa mgongo, na MRI (picha inayoonyesha diski na neva)?

FizioWaBara
Nane kwa kumi ni tofauti ndogo, ila fuatilieni. Sakafu haina faida: godoro lisilobonyea katikati linatosha, alale ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Kulala kutwa kuzidi siku moja au mbili kunadhoofisha misuli. Atembee dakika 10, mara tatu nne kwa siku, kwenye tambarare. Kukanyagwa mgongo hapana, kwa diski iliyotokeza ni kuitafutia balaa.

Eksirei haionyeshi diski wala neva, na nafasi iliyopungua hukutwa hata kwa wasioumwa. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. MRI ina maana akifikisha wiki sita bila nafuu na upasuaji unafikiriwa, au nguvu zikishuka. Akikonda, akitokwa jasho usiku au kupata homa za jioni, achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa wanaokunywa maziwa mabichi, na brusela (maambukizi yatokayo kwa mifugo) pia.

NesiZamu
Na hili halisubiri kesho: mkojo ukigoma au kumtoka bila kujua, ganzi sehemu za siri na kuzunguka haja kubwa, au miguu yote miwili ikilegea. Aende usiku huohuo hospitali yenye upasuaji wa mgongo, na mapokezini aseme dalili hiyo kwanza, kabla hajataja kiuno.