Faji za kutibu taifodi ya kuku: huku kwetu zinapatikana?

Mama_Kiboriloni

Wadau wa kuku, habari za jioni. Niko Kiboriloni, Moshi. Nafuga chotara, mayai mengine nauza kwa trei, mengine natotolesha. Tangu mvua zianze nafukia kuku karibu kila asubuhi. Upanga wa kichwani unapauka, kuku anajikunyata pembeni, anaharisha kijani chenye umanjano hadi manyoya ya nyuma yanagandamana. Bwana mifugo alimpasua mmoja, ini lilikuwa limevimba na lina rangi ya shaba, akasema ni taifodi ya kuku.

Tulianza na oksitetrasaiklini, ikafuata ya salfa, sasa nimeuziwa enrofloksasini. Nikiwapa wanachangamka, nikiacha wanaanza upya.

Mtoto wa dada yangu anasoma chuo cha kilimo SUA. Ananiambia kuna virusi vinavyoua bakteria, vinaitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi, na kwamba kuku wanaweza kutibiwa navyo. Ni kweli? Kwa Moshi au Arusha nitavipata wapi? Na mayai yake yataliwa?

Mfugaji_Ngaramtoni

Pole sana mama. Mimi ningesita. Kideri ni kirusi, gumboro ni kirusi, ndui ni kirusi. Leo tuwanyweshe kingine kwa mikono yetu? Mtu akikuletea chupa ya namna hiyo, muulize kwanza kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa.

Maabara_Tengeru

Shikamoo mama, na pole kwa hasara. Nafanya kazi ya maabara ya mifugo upande huu wa Tengeru, na jambo hili linanigusa, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Kaka wa Ngaramtoni, kuhusu usajili uko sahihi kabisa. Ila faji si ndugu wa kideri. Kirusi cha kideri huingia kwenye seli za kuku. Faji haina uwezo huo: hunasa juu ya bakteria, huingiza vinasaba vyake ndani, huzaliana humo, kisha bakteria hupasuka na faji mpya hutoka kutafuta wengine. Bakteria wakiisha, nazo hupungua. Tena huchagua mno. Faji ya Salmonella, jamii ya bakteria wanaoleta taifodi hii, kwa kawaida haigusi bakteria wengine kama E. koli, na mara nyingine haigusi hata Salmonella wa banda la jirani.

Mtoto wa dada yako hajakudanganya, mama. Mtafiti Félix d'Hérelle, aliyezipa faji jina mwaka 1917 akiwa Paris, alizifanyia majaribio mwaka 1919 huko vijijini Ufaransa kwa kuku, na ugonjwa wenyewe ulikuwa huuhuu wako, taifodi ya kuku. Baadaye antibayotiki zilipoenea nchi nyingi ziliziacha, lakini Jojia waliendelea. Taasisi yao ya Tbilisi ipo tangu 1923. Marekani nayo mwaka 2006 iliruhusu faji zinyunyiziwe kwenye nyama iliyo tayari kuliwa, kuua bakteria aitwaye Listeria. Na hapo jirani Nairobi, watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wamekuwa wakitafuta faji za Salmonella wa kuku.

Lakini dukani Arusha au Moshi mimi sijaiona, na mtu akikuuzia "maji ya faji" bila karatasi usinunue. Ugumu upo. Asidi ya tumbo la kuku huziua nyingi kabla hazijafika utumbo. Klorini kwenye maji ya kunywa huziharibu. Bakteria nao hujifunza kuzikwepa, ndiyo maana huchanganywa faji za aina kadhaa. Na kwa taifodi kuna gumu zaidi: bakteria hujificha ndani ya seli za ini na bandama, mahali ambapo faji haifiki kirahisi.

Kinachoniuma ni enrofloksasini kwa kuku wanaotaga. Mabaki yake huingia kwenye yai. Marekani waliiondoa kabisa kwa kuku mwaka 2005, kwa sababu ya usugu wa Kampilobakta, bakteria anayeharisha watu. Dawa tatu zimepita hapo kwako na hakuna aliyeotesha bakteria wa sampuli hata moja maabara.

Mama_Kiboriloni

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Sasa hawa waliobaki nifanyeje? Nina mayai kwenye mashine ya kutotolesha, na wateja wa vifaranga wameshalipa kianzio.

Maabara_Tengeru

Mama, hili ni gumu kulisema. Usiwauzie vifaranga hao. Ugonjwa huu hupita ndani ya yai, na kuku aliyepona hubaki akiubeba. Warudishie kianzio chao. Ukiwauzia, banda la mteja wako wa Himo litakuwa kama lako, na yeye ataanza kununua dawa zilezile. Mayai ya kula nayo usiyapeleke sokoni mpaka daktari wa mifugo akuambie muda wa kusubiri dawa iwatoke kuku umeisha.

Wanaoonekana wazima wapimwe damu, watakaogundulika waondolewe. Ukianza kundi jipya, zungumza na daktari kuhusu chanjo ya taifodi ya kuku iitwayo 9R. Ni bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo siku za chanjo antibayotiki zisiwepo kwenye maji, zitaiua.

Mfugaji_Ngaramtoni

Daktari, sampuli inapelekwaje? Huku tukiona mzoga tunatupa shimoni tu.

Maabara_Tengeru

Msitupe wote. Tukiwa na bakteria wa mabanda yetu tunajua dawa ipi bado inafanya kazi, na hata faji zitafutwe leo, zitapimwa kwa bakteria haohao. Faji zenyewe hupatikana kwenye kinyesi na maranda ya mabanda hayahaya.

Mama, chagua aliyekufa asubuhi hiyo, au mgonjwa ambaye bado hajapewa dawa. Mzoga uingie mifuko miwili ya plastiki, ndani ya boksi lenye barafu, usigandishwe, na ufike maabara ya TVLA Arusha siku hiyohiyo. Andika umri wa kuku, idadi ya waliokufa, na kila dawa waliyokunywa, hata ile iliyobadilishwa baada ya siku moja.

Mama_Kiboriloni

Asante mwanangu. Wateja wa vifaranga nimeshaanza kuwapigia. Kuna majogoo wawili wamejikunyata tangu mchana na dawa hawajaonja, nitaondoka nao na basi la kwanza.

Maabara_Tengeru

Ikiwa bado wako hai, walete hivyohivyo kwenye tenga lililofunikwa vizuri. Lisikae karibu na kuku wengine kwenye basi, na tenga hilo usilirudishe bandani.