Tuliokuwa wachelewaji sugu, nini kilikubadilisha? Tupeane uzoefu

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Naomba leo tuongelee kuchelewa. Simaanishi kuchelewa mara moja kwa dharura, namaanisha wale ambao ukisema "dakika kumi nafika" anayekusubiri anaendelea na shughuli zake maana anajua hapo ni saa nzima. Mimi nilikuwa hivyo miaka na miaka, kazini, kwa marafiki, nyumbani, kote.

Mwaka jana tulikuwa na shughuli ya familia, mdogo wangu wa kike ndo alikuwa anatuma kadi kwenye simu. Yangu iliandikwa saa nane mchana. Sijui siku hiyo niliamkaje, nikajiandaa mapema na saa nane kasoro dakika tano niko mlangoni. Ukumbi mtupu. Vijana wanapanga viti, mmoja yuko juu ya ngazi anafunga kitambaa ukutani, akanitazama akaniambia shughuli ni saa kumi. Nikajua amekosea. Nikampigia kaka yangu nikamwomba anirushie kadi yake, nikaziweka mbili pamoja nikawa naziangalia. Rangi ile ile, maua ya pembeni yale yale, majina yale yale, tofauti ni saa tu. Yani watu wote walikuwa na kadi moja na mimi nilitengenezewa ya kwangu peke yangu.

Mdogo wangu nilipomuuliza hakubisha. Alisema tu, "Kaka, tulitaka uwepo." Basi. Hakunigombeza, hakucheka, na hilo ndo liliniuma kuliko kugombezwa, maana nikaelewa kwamba walishaacha kunitegemea zamani na wakatafuta namna ya kunipenda hivyo hivyo nilivyo.

Nilichofanya baada ya hapo, nilianza kujipima. Nilikuwa najua kuoga na kuvaa ni robo saa, nikaweka saa ya simu ikahesabu, dakika 38! Kutafuta funguo na chaja peke yake dakika 6. Kwa hiyo kila siku nilikuwa natoka nyumbani nikiwa tayari nimechelewa na mwenyewe sijui. Sasa hivi kila kitu cha kesho nakiweka mezani usiku na muda ninaojipangia ni wa kutoka mlangoni, sio wa kufika. Bado nateleza mara moja moja lakini sio kama zamani. Karibuni.

#2

Pole na hongera ndugu, hiyo ya kadi imenigusa sana aisee. Mi tatizo langu lilikuwa neno "niko njiani". Nilikuwa naliandika huku bado natafuta nguo ya kuvaa, na wala sikuliona ni uongo, niliona ni namna ya kumtuliza mtu asikasirike. Sasa siku moja simu ikaita niko bafuni, binti yangu akaipokea, alikuwa na miaka sita, nikamsikia anamwambia anayepiga asubiri kidogo halafu akaja mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, nimwambie uko njiani?"

Nilikaa kimya. Mtoto hakuna aliyemfundisha, amesikiliza tu mama yake kila siku akajua ndo jibu linalotolewa. Na alishusha sauti! Maana yake alishajua ni kitu cha kuficha.

Nikamwambia mwambie mama yuko bafuni atachelewa nusu saa. Toka siku hiyo nimejiwekea sheria, nikiwa nyumbani nasema niko nyumbani. Mwanzoni ni aibu jamani, kuandika "bado sijatoka, nisubiri dakika arobaini" mkono unakuwa mzito. Lakini hiyo aibu ndo imenisaidia, sasa najitahidi kutoka mapema ili tu nisilazimike kuiandika hiyo meseji.

#3

Mimi nitaandika kwa kifupi. Bibi yangu alikuwa amelazwa, muda wa kuona wagonjwa jioni ulikuwa unaisha saa kumi na mbili, mi nikasema ngoja nimalizie kitu kimoja. Nimefika geti linafungwa. Nikasema sio kesi, kesho asubuhi. Alfajiri wakapiga simu.

Ile methali ya chelewa chelewa utakuta mwana si wako nimeisikia tangu nikiwa mtoto, nimeikariri, nimeijibia maswali darasani. Hicho kitu kimoja nilichokuwa namalizia siku hizi hata sikikumbuki kilikuwa nini.

#4

Pole sana mkuu wa hapo juu.

Mleta uzi, hiyo ya kujipima ni jambo la msingi, ngoja niongezee kidogo maana nami ilinisaidia kujua kwamba sio uzembe peke yake. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu tuna kawaida ya kukadiria kazi itachukua muda mfupi kuliko ule inaochukua kweli, hata kama kazi ya aina hiyo tumeshaifanya mara nyingi. Halafu mwaka 1994 kuna watafiti waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao, kila mtu aseme atamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani wakasema siku 34. Wakaulizwa tena, na mambo yakienda vibaya kabisa? Wakasema 49. Waliishia kutumia siku 55 au 56 hivi. Yani hata lile kadirio la mabaya yote halikutosha.

Sababu yake ni kwamba ukipanga unaangalia mbele tu, unaiona safari ikienda vizuri kichwani, funguo ziko pale pale, hakuna simu inayoingia ukiwa mlangoni. Hauangalii nyuma ukajiuliza jana ilikuwaje. Kwa hiyo mi nimejizoesha, chochote kichwa changu kinachoniambia nakizidisha mara moja na nusu. Kikisema dakika 20 naandika 30. Nikiwahi nakaa nasoma. Muda wa kusubiri nilikuwa nauogopa, nikiuona ni hasara, kumbe ndo muda pekee kwa siku ambao hakuna mtu ananidai kitu.

#5

Mi niko upande wa wanaosubiri, sijui kama naruhusiwa. Nina rafiki yangu tangu shule, nampenda sana, na nimemsubiri kwenye mabenchi, vituoni, mvuani, nimemsubiri nikiwa mjamzito. Nataka tu mjue kinachotokea kwa anayesubiri. Dakika kumi za kwanza unaangalia simu. Zikifika ishirini unaanza kumwonea huruma, labda kapata tatizo. Nusu saa ikipita unaanza kujiuliza wewe ni nani kwake, na hilo swali akifika anacheka na kukukumbatia haliondoki, linabaki, siku nyingine linaanza pale lilipoishia.

Nilikuja kumwambia haya yote tukiwa tumekaa wawili, bila hasira. Akalia. Alidhani mimi ni mtu ninayependa kusubiri kwa sababu sikuwahi kulalamika. Kwa hiyo na sisi wa upande huu tuna makosa yetu, kukaa kimya miaka kumi sio uvumilivu.

#6

Swali kwa #4, ni kweli tabia inabadilika kwa siku 21? Mi nimejaribu wiki tatu nikarudi kule kule nikakata tamaa.

#4

Usikate tamaa. Hiyo 21 wengi wanaihusisha na daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya. Alisema angalau, na alikuwa anaongelea sura. Utafiti wa London wa Phillippa Lally na wenzake uliotoka 2009 uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanaanza tabia mpya, muda wa katikati wa tabia kuzoeleka ukawa siku 66, na makadirio yakatofautiana kuanzia 18 mpaka 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Wiki tatu zako hazijapotea, endelea pale ulipoachia.

#1 Mleta uzi

Nimesoma zote, #5 nimekurudia mara mbili. Asanteni sana wakuu.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia meseji, kikao cha familia Jumamosi saa kumi jioni. Nikakaa na simu mkononi muda kidogo, halafu nikampigia kaka nikamuuliza yeye kaambiwa saa ngapi.

Saa kumi.