Walimu wana vipaji tofauti, nagawaje majukumu bila kumchosha mtu?

ChakiMkononi

Habari za jioni wadau, naombeni mawazo hasa mlio kwenye uongozi wa shule. Nimekabidhiwa shule, nina walimu 19 na wafanyakazi wasiofundisha 5, na utaratibu niliokuta ni kwamba majukumu yanazunguka tu, mwaka huu wewe michezo mwakani maktaba mwaka unaofuata nidhamu, uwe unaweza au huwezi shauri yako. Wanasema ndo usawa, na kweli hakuna anayelalamika sana ila matokeo yake nayaona. Mwalimu wa michezo wa sasa hajui hata mpira wa wavu wanaingia wangapi uwanjani, halafu yule anayejua kapewa maktaba na anaifungua siku akikumbuka.

Aliyenifanya niandike hapa ni mwalimu mmoja wa hesabu. Zamu yake ikifika, asubuhi mstarini ni taabu, sauti haitoki, watoto wa nyuma wanacheka, na kwenye faili lake aliyenitangulia kaandika "hana mamlaka mbele ya wanafunzi". Sasa juzi nikaenda nikakaa nyuma ya darasa lake kipindi kizima. Ana daftari kubwa lenye jalada gumu, kila mtoto ana ukurasa wake, na hajaandika alama, kaandika KOSA. Huyu ukimpa 503 kutoa 178 sifuri ya katikati inampoteza, huyu anachanganya eneo na mzingo, na pembeni tarehe ambayo mtoto aliacha kukosea hivo. Watoto 52. Nikabaki najiuliza, yaani miaka yote shule hii inamjua huyu mama kama mtu asiye na sauti tu?

Nataka kubadilisha, kila mtu awekwe pale anapopaweza. Naanzia wapi? Na si watasema napendelea?

MzeeWaRatiba

Hongera kwa jukumu mkuu. Mimi nilivyoanza nilifanya kosa la kuitisha kikao nikasema haya kila mtu ataje anachokiweza. Kimya. Mmoja akasema "mimi nafuata maelekezo", wakacheka, kikao kikaishia hapo. Mtu ukimuuliza mbele ya wenzake anaogopa kuonekana anajisifu, au keshajua akitaja tu anabebeshwa.

Baadaye nikakaa na mmoja mmoja, dakika kama 15, maswali matatu basi: kazi gani hapa shuleni ukiimaliza unajisikia bado una nguvu, kazi gani unaisogeza mbele mpaka ukumbushwe, na ukikwama darasani unamfuata nani. Hilo la mwisho ndo lenyewe. Zaidi ya nusu ya walimu wangu walimtaja mwalimu mmoja mpole, haongei kwenye vikao, mimi hata sikuwa nimemweka kwenye hesabu zangu. Halafu uende ukawaone wakiwa kazini kama ulivyofanya kwa huyo wa hesabu, maana watu wengi hawajijui, kitu kikikujia kirahisi unadhani kila mtu anakiweza.

PundaWaKompyuta

Naomba niwasemee wale wanaosifiwa maana jina langu hapa halikuja bure. Nilikuwa najua kompyuta kidogo kuliko wenzangu, kidogo tu. Mwaka wa kwanza nikapewa ratiba ya shule, sawa, napenda. Zikaja alama za mitihani, zikaja ripoti za wazazi, printa ikikwama naitwa katikati ya kipindi, ikafika mahali simu ya mkuu ikijaa picha wa kufuta ni mimi. Na vipindi vyangu 26 kwa wiki havikupungua hata kimoja, wenzangu jioni wanabeba mikoba wanaondoka, "sisi mambo hayo hatuyajui". Mwaka wa tatu nikaanza kujifanya sijui. Kweli kabisa, kitu kikigoma nasema hata mimi kimenishinda.

Kwa hiyo ukimuongezea mtu jukumu, siku hiyohiyo mtoe jingine, na liwe kwenye maandishi. Pia kukiweza kitu siyo kukipenda. Kuingiza alama naiweza hata nikisinzia ila nikimaliza nimechoka hoi, kupanga ratiba ndo nilikuwa nasahau hata saa. Mkuu wangu kwake yote yalikuwa "mambo ya kompyuta". Huyo mama wa daftari muulize kwanza, usije ukakurupuka ukamfanya msimamizi wa tathmini shule nzima, ukamuulia kitu anachokifanya kwa raha yake.

KalamuNyekundu

Mnaongea vizuri ila ngoja niwe mbaya kidogo. Kuna kazi hazihitaji kipaji. Kuingia darasani kwa wakati, kusahihisha, kujua mtoto wako yuko wapi, hayo hayagawiwi kwa vipaji. Nimewahi kufanya kazi na mtu hodari sana wa kwaya, ukimuuliza madaftari mbona hayajasahihishwa wiki tatu anakwambia "mimi ni mtu wa sanaa", na uongozi ukamwacha maana kwaya inaleta vikombe. Walioumia ni watoto wa darasa lake. Mgema akisifiwa...

Halafu wakikuletea madodoso ya vipaji angalia unayatumiaje. Kuna lile lililotokana na kazi ya mwanasaikolojia Donald Clifton wa Marekani, linawagawa watu kwa sifa 34, na jingine linaitwa VIA, lenye sifa 24 kutoka orodha ya wanasaikolojia Peterson na Seligman ya mwaka 2004. Siyo mabaya, yanampa mtu maneno ya kujielezea, ila unajaza mwenyewe kuhusu wewe mwenyewe, sasa wakijua ndo yanaamua nani apewe idara, kesho kila mtu atajaza kile anachodhani unakitaka. Na jina likishamganda mtu, "huyu ni wa takwimu", basi, miaka kumi hakuna atakayemjaribu kwenye kitu kingine.

Mi kuzungusha majukumu nisingekufuta kabisa. Mwalimu mgeni ana miezi sita kazini, utajuaje anaweza nini wakati nusu ya kazi hajaigusa? Wapya wazunguke miaka miwili hivi waonje, wakongwe ndo uwapange.

Bi_Funguo

Mmewasahau wale 5 jamani. Mimi nilikuwa ofisi ya karani na ninawaambia mlinzi wetu wa getini anawajua watoto kuliko walimu. Anajua nani alikuwa anakuja na dada yake siku hizi anakuja peke yake, nani akifika anauzunguka ukuta kwanza ndo anaingia, nani anachukuliwa na mtu tofauti kila siku. Miaka yote hakuna aliyemuuliza. Ikatokea mwalimu wa malezi akaanza kusimama naye getini dakika 10 kila asubuhi, stori tu, na mambo mawili mazito tuliyajua mapema kwa njia hiyo. Hakupewa cheo, aliomba kitu kimoja, zamu zake za usiku zisiangukie siku za masomo, akakubaliwa.

Watafiti wa mambo ya kazi, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu hili mwaka 2001, jinsi mtu anavyoichonga kazi yake mwenyewe bila kuambiwa, na mfano wao mmoja ni wafanya usafi wa hospitali. Kazi ni ileile ya kusafisha, ila waliojiona wanasaidia mgonjwa apone waliifanya tofauti kabisa na wenzao. Ndo huyo mlinzi wetu.

Kuhusu upendeleo, andika majukumu yote na saa zake ubandike ofisi ya walimu. Mtu akiona wa michezo anabaki jioni mara 3 kwa wiki hutasikia kelele.

ChakiMkononi

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya, wiki mbili hizi zimenibana. Nimeshakaa na 11, bado 13. Wa maktaba na wa michezo wamebadilishana, wala sikumaliza kueleza wakawa wameshakubaliana. Orodha ya saa nimebandika, na kumbe mwenye mzigo mkubwa kuliko wote ni mwalimu ambaye hajawahi kunijia na neno, nimemtoa mambo mawili nikamwachia moja alilochagua. Kuna mmoja naye kanuna, anasema yeye hana kinachompa nguvu shuleni zaidi ya kengele ya mwisho, huyo nimemwacha kwanza.

Sasa yule wa hesabu. Nilienda nimejipanga kabisa kumwambia nimemtoa zamu ya mstarini, najiona nampelekea zawadi. Akanyamaza weeee, halafu akasema "kwa hiyo na wewe umelisoma lile faili". Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe hataki kutolewa. Koo lilimharibikia kwa miaka ya kufundisha madarasa yaliyojaa na ameshaomba kipaza sauti mara mbili, hakujibiwa. Cheo cha daftari hakitaki (Punda ulisema kweli), ila anayetaka kuja kukaa darasani kwake aje, na yeye angependa kwenda kwa wa sayansi aone anavyowapanga watoto kwenye makundi. Nimewapangia Alhamisi kipindi cha nne, darasa lake nalishika mimi.

KalamuNyekundu

Hapo sawa. Na ile karatasi ya kwenye faili?

ChakiMkononi

Kuichana siruhusiwi. Nimeandika ya kwangu nikaibana juu yake.

PundaWaKompyuta

Na kipaza sauti kinanunuliwa lini mkuu?

ChakiMkononi

Nacheka huku nalia. Kipo kabatini ofisini kwangu, ndani ya boksi lake, plastiki haijatolewa. Kilikosa betri tu.