Mjadala: binti mwenye ulemavu wa akili afungwe kizazi "kwa usalama wake"?

Wadau, kuna mchangiaji alisema mzazi mwenye binti wa aina hii aruhusiwe kumpeleka hospitali akafungwe kizazi, kwasababu anabakwa, anapata mimba na mzigo unabaki kwa bibi. Wengi mkamuunga mkono. Mi nakataa, na hoja yenyewe si mpya hata kidogo.

Kule Virginia, Marekani, kulikuwa na binti anaitwa Carrie Buck, kalelewa na familia isiyo yake, akiwa na miaka 17 akapata mimba, na mwenyewe alisema alibakwa na ndugu wa familia hiyohiyo. Wakampeleka kwenye taasisi ya wanaoitwa wana akili pungufu, kichanga wakabaki nacho wao, kesi ya kumfunga kizazi ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 1927 majaji 8 kati ya 9 wakasema sawa afungwe. Jaji Holmes akaandika eti vizazi vitatu vya mataahira vinatosha. Kizazi cha kwanza ni mama yake Carrie, cha pili Carrie mwenyewe, cha tatu ni Vivian, kile kichanga cha Carrie, kitoto kilichopimwa akili hakijafikisha hata mwaka! Baadae alienda shule, jina lake likawekwa kwenye orodha ya wanaofanya vizuri, akafariki ana miaka 8 tu.

Mbakaji je? Hakushtakiwa. Na ndo ninachotaka mkione, kufunga kizazi hakuzuii kubakwa, kunafuta ushahidi, maana kwa binti asiyeweza kujieleza mara nyingi ni mimba ndo inayowashtua watu wa nyumbani.

Mdogo wake Carrie, anaitwa Doris, nae alifungwa, akadanganywa ni kidole tumbo, akaolewa akahangaika miaka na miaka kutafuta mtoto, ukweli kaja kuujua uzeeni. Japani sheria ya namna hii ilidumu 1948 mpaka 1996, watu kama 25,000 wakafungwa, na mahakama yao ya juu imekuja kusema 2024 kwamba ilikiuka katiba.

Na msidhani haya yalikuwa mbali na sisi. 1933 walowezi Nairobi walianzisha chama chao cha kuboresha mbari, na Dk. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikuwa anatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika uko chini kimaumbile. Yaani kwenye hesabu ya nani ana akili za kutosha sisi sote tulishafelishwa.

Najua kuna mama analea peke yake na amechoka kweli, simhukumu. Ila huyo anahitaji mtu wa kumshikia binti akienda sokoni, shule inayompokea, mtu wa kumfundisha binti kwa maneno mepesi kila siku nani haruhusiwi kumshika, na dawati la jinsia lisilomrudisha nyumbani eti shahidi wake hana akili timamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, ibara ya 23 inasema uwezo wao wa kuzaa usiguswe, sawa na watu wengine.

Mnaounga mkono nijibuni hili tu: akishafungwa, akabakwa tena, mtajuaje?